Umesomea ualimu nje na sasa uko Kenya: mwongozo kamili wa kupata namba ya TSC

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyehitimu Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi au Kongo, ambaye sasa yuko Kenya na anataka kusimama mbele ya darasa kihalali, yaani akiwa na namba ya usajili ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya. Unamfaa pia Mkenya aliyevuka mpaka wa Busia au Malaba akasome huko, akarudi na shahada.

Nimeuandika kwa sababu swali linalonijia halibadiliki: nimejaza fomu, nimelipa, mbona maombi yamerudishwa? Nikiuliza faili lina nini ndani, nakuta mwalimu ameanza na mfumo wa TSC, mahali ambapo alipaswa kumalizia. Kujaza maombi ni kazi ya saa moja ukiwa na intaneti nzuri. Kazi kubwa iko kwenye barua ambazo TSC haizitoi, zile za kulinganisha vyeti vyako na vya Kenya. Bila hizo afisa wa TSC hana kipimo cha kukupima nacho, hata kama umefundisha miaka kumi na kwenu unajulikana wilaya nzima.

## Nani anaihitaji namba hii

Kila anayefundisha. Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 23, inamkataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa, na inaikataza shule kumwajiri asiyesajiliwa. Shule ya kibinafsi haijaachwa nje. Mkurugenzi akikuambia "wewe anza tu, mambo ya TSC tutayaona baadaye", ujue anajiweka hatarini yeye na wewe, na mkaguzi akija ni wewe utakayeambiwa usubiri nyumbani.

Liwe wazi pia kwamba kusajiliwa si kuajiriwa. Nafasi ambazo TSC hutangaza kwa shule za umma huwa na sharti la uraia wa Kenya. Asiye raia anaitafuta namba ili afundishe shule ya kibinafsi, ya kimataifa, ya kanisa au ya shirika.

Na kwa Watanzania: Tume ya Utumishi wa Walimu ya Tanzania nayo huitwa TSC kwa kifupi. Namba uliyopewa kule haifanyi kazi huku. Nimewahi kuona mtu ameijaza kwenye sehemu ya namba ya usajili ya Kenya, na maombi yake yakakwama hapo hapo.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

Usiende ofisi yoyote kabla ya kuviweka hivi mezani:

- Pasipoti yako, au kitambulisho cha taifa kwa Mkenya. Asiye raia anayekaa zaidi ya siku 90 awe pia na kadi ya mgeni ya Idara ya Uhamiaji.
- Cheti halisi cha sekondari: UCE na UACE kwa Uganda, CSEE na ACSEE kwa Tanzania, diploma ya serikali kwa Kongo na Burundi. KCSE kwa Mkenya.
- Cheti halisi cha ualimu: shahada, stashahada au cheti cha daraja.
- Transkripti kamili, zinazoonyesha kila somo la kila mwaka.
- Cheti au leseni ya ualimu ya nchi ulikosomea, pamoja na barua ya mwajiri wako wa mwisho ikiwa umefundisha.
- Picha za pasipoti za rangi.
- Barua pepe yako mwenyewe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Mtu anaenda saiba (duka la intaneti), kijana wa pale anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya duka. Miezi mitatu baadaye TSC inaandika ikitaka ukurasa mmoja ulioskaniwa upya, na ujumbe unaingia kwenye kikasha ambacho hakuna anayekisoma.

Usiweke vyeti laminesheni. Afisa anataka kugusa karatasi, kuona muhuri uliochomoza na kugeuza nyuma. Pia laminesheni hung'aa kwenye skana na kufuta namba za mtihani.

## Hatua ya 1: Sawazisha majina

Chukua kila karatasi na uandike jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, kwenye ukurasa mmoja: cheti cha sekondari, cha ualimu, transkripti, pasipoti, kibali. Sasa linganisha.

Majina yetu yana tabia ya kusafiri vibaya. Mtanzania ana majina matatu kwenye cheti cha kidato cha nne na mawili kwenye shahada. Mrundi ana jina la Kirundi na la ubatizo yaliyobadilishana nafasi. Mwanamke ameolewa katikati ya masomo. Mganda ana "Nakato" kwenye UCE na "Nakatto" kwenye pasipoti. Kwako huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa mwenye faili mia kwenye foleni, ni watu wawili, na mmoja wao huenda ameazima cheti.

Tofauti ndogo ya tahajia au mpangilio hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo: unataja majina yote jinsi yalivyo kwenye kila cheti na kuapa kwamba ni yako. Ikiwa umebadilisha jina kabisa, kiapo hakitoshi. Utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, au cheti cha ndoa ikiwa sababu ni hiyo. Kama kosa lilifanywa na chuo, rudi chuoni warekebishe. Barua ya msajili wa chuo ina uzito kuliko kiapo chako.

Fanya hili kwanza kabisa. Kila barua utakayoomba baadaye itanakili jina ulilowapa, na ukisahihisha jina ukiwa mwishoni utalipia barua zote upya.

*Umefaulu hatua hii* ukiweza kumpa mtu asiyekujua faili zima naye akakubali bila kuuliza kwamba lote ni la mtu mmoja.

## Hatua ya 2: Cheti cha sekondari kipite KNEC

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka kwa sababu hawaelewi kwa nini mtu mwenye shahada aulizwe habari za kidato cha nne.

Sababu ni kwamba TSC hupima mwalimu kuanzia sekondari. Kwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada, kipimo chake ni C+ katika KCSE kwa jumla, na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Kwa aliyesoma kidato cha sita, kipimo ni alama kuu (principal) mbili na ndogo (subsidiary) moja, na zile kuu ziwe kwenye masomo yake ya kufundishia. Anayekwambia kwamba shahada inafuta alama za sekondari anakudanganya.

Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, ndilo linalosema cheti chako cha nje kinalingana na nini. Maombi hupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao QMIS: unafungua akaunti, unachagua huduma ya kulinganisha vyeti, unapakia nakala na kulipa. Pamoja na hayo KNEC huhitaji uthibitisho wa matokeo kutoka baraza lililokutahini, na uthibitisho huo hutumwa moja kwa moja kutoka baraza hadi baraza. Haupiti mkononi mwako. Kwa hiyo unaomba sehemu mbili: QMIS hapa, na baraza la mitihani la kwenu kule, kama UNEB ya Uganda au NECTA ya Tanzania.

Anza na kule. Baraza la kwenu ndilo litakaloamua mwendo wa safari yote. Toa namba ya mtihani, namba ya kituo, mwaka, na jina kama lilivyokuwa wakati ule. Ukishalipa, omba namba ya kumbukumbu ya barua waliyoituma, kisha uwape KNEC namba hiyo.

Sasa onyo la alama. Usijigeuzie alama mwenyewe, wala usimwachie karani wa shule afanye hivyo. Kwenye UCE ya miaka mingi, D1 ndiyo alama ya juu kabisa. Kwenye KCSE, D iko karibu na mkia. Nimeona mwalimu wa hisabati mwenye D1 akiambiwa getini kwamba "hana alama". Vivyo hivyo General Paper ya Uganda na General Studies ya Tanzania ni masomo ya alama ndogo. Usiyahesabu miongoni mwa alama kuu mbili.

Mkenya aliyefanya KCSE hii haimhusu, isipokuwa cheti kimepotea. Hapo KNEC hiyo hiyo, kupitia QMIS hiyo hiyo, hutoa barua ya kuthibitisha matokeo.

*Umefaulu* ukiwa na barua ya KNEC inayotaja jina lako, mtihani, mwaka, na kiwango cha Kenya kinacholingana nao. Isome palepale. Kosa la jina kwenye barua hii ni lako kuligundua, siyo lao.

## Hatua ya 3: Masomo mawili, kabla hujalipia shahada

Hii haina malipo na haina ofisi. Unahitaji kalamu na transkripti.

Mwalimu wa sekondari Kenya husajiliwa kwa masomo mawili ya kufundishia. Pitia transkripti yako na upige mstari chini ya kila kozi ya somo la kwanza, kisha ya somo la pili. Kozi za saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha na mitaala ziweke kando. Hizo ni za ualimu, si za somo.

Sasa jiulize maswali matatu. La kwanza: je, kozi zimegawanyika vizuri, au somo moja lina kozi nyingi na lingine limeguswa mwaka wa kwanza tu likaachwa? La pili: je, masomo hayo yako kwenye mtaala wa Kenya kwa majina hayo? Mtanzania aliyebobea katika Uraia atakuta kwamba Kenya haina somo la jina hilo linalosimama peke yake. Maudhui yake yamo ndani ya Historia na Serikali. Kiswahili, Jiografia, Kemia, Hisabati, Fizikia na elimu ya dini hazina shida. La tatu: je, mazoezi ya kufundisha yanaonekana kwenye transkripti, na yana alama?

Ukikuta pengo, afadhali ulijue leo. Barua ya idara ya chuo inayoeleza kwamba kozi fulani zenye majina ya ajabu ni za somo lako inaweza kuokoa faili. Idara nyingi huiandika bila malipo mwanafunzi wa zamani akiomba vizuri, naye awape orodha ya misimbo ya kozi badala ya hadithi.

Aliye na shahada ya sayansi au sanaa bila ualimu hawezi kuruka hapa. Anahitaji stashahada ya uzamili katika elimu kwanza, na ni busara kuisomea Kenya kwa sababu itampunguzia barua moja ya kulinganisha.

## Hatua ya 4: Shahada au stashahada ilinganishwe

Shahada za vyuo vikuu vya nje hupelekwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, yenye ofisi Red Hill Road, upande wa Gigiri, Nairobi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndiyo iliyoipa kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za nje. Utajaza maombi, utaambatisha cheti, transkripti, vyeti vya sekondari na kitambulisho, na utalipa ada.

CUE huangalia mambo mawili: kama chuo chenyewe kilitambuliwa na mamlaka ya nchi yake wakati uliposoma, na kama programu uliyosoma ilikuwa na idhini. Chuo kinaweza kuwa halali huku tawi lake la mji mdogo likiwa halina ruhusa ya kufundisha shahada ya elimu. Hata kabla ya kulipa, angalia orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda au ya Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, TCU. Kama ulisoma kwa masafa au wakati wa likizo tu, pata barua ya chuo inayosema hivyo waziwazi, na uhifadhi kurasa za pasipoti au karatasi za mpakani zinazoonyesha ulikuwa unaenda. Mkenya aliyekuwa akivuka kwa kitambulisho tu, bila muhuri wowote, atafute risiti za karo na za hosteli.

Stashahada na vyeti vya vyuo vya ualimu visivyo vyuo vikuu, kama vile Daraja la Tatu A la Tanzania au Grade III ya Uganda, vinakaa upande wa KNEC, ambayo ndiyo hutahini stashahada za ualimu hapa Kenya.

Kuna pia mamlaka ya tatu, KNQA, inayosimamia mfumo wa taifa wa sifa za elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambayo nayo hutoa barua za kutambua vyeti vya nje. Taasisi hizi zimewahi kuvutana hadharani kuhusu nani mwenye mamlaka. Wewe usiingie kwenye ugomvi wa wakubwa. Andika barua pepe kwa TSC, taja aina ya cheti chako na nchi, uliza wanapokea barua ya nani, na uchapishe jibu lao. Ni dakika kumi za kuandika, na zinaweza kukuokolea ada nzima.

### Kwa wanaotoka Kongo na Burundi

Karatasi zenu ni za Kifaransa, kwa hiyo zinahitaji mfasiri anayetambulika, mwenye muhuri na sahihi. Tafsiri ibanwe pamoja na nakala ya hati yenyewe.

Mkataze mfasiri kubadilisha jina la tuzo. *Graduat* ya miaka mitatu kutoka ISP Bukavu (chuo cha juu cha ualimu) ibaki *graduat*. *Licence* ya mfumo wa zamani, iliyokuja baada yake, ibaki *licence*. Mfasiri mwenye huruma akiandika "shahada" kwenye *graduat*, ameshachukua kazi ya mlinganishaji, na mlinganishaji akigundua ataanza kulishuku faili lote. Peleka ngazi zote mbili, si ile ya juu peke yake.

Kwa aliyemaliza *humanités pédagogiques*, yule anayeitwa D6, nitasema ukweli ingawa haupendezi. Kongo unafundisha shule ya msingi kwa diploma hiyo. Kenya ualimu wa msingi husomewa chuoni baada ya sekondari, kwa hiyo cheti chako kina uwezekano mkubwa wa kuhesabiwa kuwa cha sekondari tu. Usikate tamaa, lakini pia usitumie akiba yako kukata rufaa. Tumia barua hiyo ya KNEC kuombea nafasi katika chuo cha ualimu hapa.

*Umefaulu hatua hii* ukiwa na barua inayotaja tuzo yako kwa jina lake la asili na kiwango chake cha Kenya.

## Hatua ya 5: Kibali cha kazi na PIN

Mkenya ruka hapa, isipokuwa kama huna PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya.

Asiye raia anahitaji kibali. Kile cha kuajiriwa kimekuwa daraja la D (raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aulizie pia daraja la R), na mwombaji wake mkuu ni mwajiri: shule ndiyo inayoandika kwa Uhamiaji kueleza kwa nini inakutaka wewe. Wamisionari na watumishi wa mashirika ya dini huwa na daraja la I. Wakimbizi wana daraja la M, na kwa mwalimu aliye kambi ya Kakuma au Dadaab anayelipwa posho, hilo ndilo la kuulizia. Pasi ya mtegemezi, ile ya mume au mke wa mwenye kibali, haikuruhusu kufanya kazi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imewarahisishia raia wa jumuiya kuingia na kutafuta kazi. Haijafuta kibali. Nasisitiza kwa sababu nasikia kinyume chake kila wiki kutoka kwa watu wanaojua mambo mengine vizuri.

Risiti ya maombi ya kibali si kibali. Na kibali kilichotolewa kwa jina la shule moja hakihami nawe ukihamia shule nyingine.

PIN ya KRA hupatikana kwenye mfumo wa iTax. Asiye raia huiomba kwa kutumia kadi ya mgeni au kibali. Hakikisha jina la iTax linafanana na la ukurasa wako wa Hatua ya 1.

## Hatua ya 6: Mwenendo mwema, wa huku na wa kwenu

Subiri. Usiguse hatua hii kabla barua za KNEC na CUE hazijafika. Cheti cha mwenendo mwema huzeeka, na anayekiomba mapema hulazimika kukilipia tena wakati barua za kulinganisha zinapowasili.

Cha Kenya hutolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Unaomba kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, unalipa (ada imekuwa shilingi 1,050), unachapisha fomu ya alama za vidole ya C24, kisha unakwenda kupigwa alama katika kituo cha Huduma au makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Walimu wenye vidole vilivyolika kwa chaki, na wakulima, hurudishwa mara nyingi kwa sababu alama hazisomeki. Paka mafuta ya mgando siku kadhaa kabla, lakini si siku yenyewe.

Cha kwenu ni cha lazima kwa asiye raia, maana DCI haina habari za maisha yako ya nyuma. Uganda hutolewa na Interpol, Kampala. Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi. Rwanda huombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Irembo. Burundi na Kongo ni ile *extrait du casier judiciaire*, nayo itafsiriwe.

TSC iko makini hapa kwa sababu mtu aliyepatikana na hatia ya makosa ya kingono au ya kuwadhuru watoto hafai kusajiliwa. Kama una kesi yoyote ya zamani, hata ya madai, itaje na uambatishe hukumu. Kilichofichwa hugeuka kuwa kosa la pili.

## Hatua ya 7: Fomu ya GP 69

Hii ni fomu ya serikali ya uchunguzi wa afya. Ichapishe, jaza sehemu yako tu, nenda kwa daktari aliyesajiliwa, na uhakikishe ameandika jina, namba yake ya usajili, sahihi, muhuri na tarehe. Hospitali ya umma ya kaunti inatosha. Pungufu ya kawaida ni muhuri wa kituo bila namba ya daktari.

## Hatua ya 8: Skani na uingie kwenye mfumo

Sasa ndiyo zamu ya TSC. Ingia kwenye tovuti ya Tume, sehemu ya huduma za walimu mtandaoni, uchague usajili wa walimu. Ada imekuwa shilingi 1,055 kwa miaka mingi. Lipa kiasi ambacho mfumo wenyewe unakuonyesha siku hiyo, kwa njia inayokuonyesha. Hakuna afisa halali atakayekuomba utume pesa kwa simu yake, na "mtu wa ndani" anayeuza namba za haraka anauza kesi.

Skani hati halisi, si nakala ya nakala. Tumia rangi, ukurasa mzima ukionyesha kingo zote nne, pamoja na nyuma ya cheti kama ina muhuri au maandishi. Picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako haifai. Weka kila hati kwenye faili la PDF lenye jina linaloeleweka, kwa mfano *Barua_KNEC_UCE*. Transkripti ya kurasa sita iwe faili moja lenye kurasa zilizofuatana.

Unapojaza:

1. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho. Majina mengine yataelezwa na kiapo.
2. Kwenye masomo ya kufundishia, chagua yale mawili uliyoyathibitisha Hatua ya 3. Usichague la tatu "kwa bahati nasibu".
3. Pandisha barua ya kulinganisha pamoja na cheti chake, kila moja mahali pake. Anayepandisha cheti cha nje peke yake ndiye yule wa "mbona yamerudishwa".
4. Asiye raia aongeze kibali cha kazi, leseni ya ualimu ya kwao, na barua ya shule inayomwajiri.
5. Kabla ya kutuma, fungua kila faili ulilopandisha na ulisome kutoka kwenye mfumo. Faili linaweza kupanda likiwa tupu.

Chapisha ukurasa wa uthibitisho wenye namba ya maombi. Hifadhi nakala ya faili lote kwenye barua pepe yako na kwenye flashi.

*Umefaulu kabisa* hali ya maombi ikibadilika kuwa imeidhinishwa na mfumo ukakuruhusu kupakua cheti chenye jina lako, namba ya TSC na kiwango ulichosajiliwa. Kisha fanya jambo moja la ziada: nenda kwenye ukurasa wa TSC wa kuangalia hali ya usajili, weka namba ya kitambulisho chako, uone kama jina linatokea. Shule nyingi zitakuangalia hapo kabla hazijakupigia simu.

## Maombi yakirudishwa

Kurudishwa si kukataliwa. Soma sababu neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi inataja hati moja tu, na mwalimu kwa hasira anaanza upya na kulipa tena. Rekebisha kilichotajwa, tuma kwenye maombi yale yale.

Sababu ikiwa ni "vyeti havijalinganishwa" na wewe ulipandisha barua, basi ama barua iliingia mahali pasipo pake au haisomeki. Iskani upya.

Sababu ikiwa ni alama za sekondari kutofikia kiwango, soma tena barua ya KNEC. Kama KNEC imekosea kusoma cheti chako, rudi KNEC. TSC haiwezi kubadilisha barua ya ofisi nyingine, hata ukilia pale Upper Hill, makao yake makuu Nairobi. Kama KNEC iko sahihi, hakuna rufaa itakayopandisha alama. Uliza badala yake kama unaweza kusajiliwa kwa kiwango cha chini, kwa mfano kwa stashahada uliyoipata kabla ya shahada. Wengi wana stashahada hiyo sandukuni na hawakuipandisha kwa sababu waliiona ndogo.

Kimya kikizidi, andika barua pepe fupi yenye namba ya maombi, jina, namba ya pasipoti na swali moja. Ukilazimika kwenda TSC House, Kilimanjaro Road, nenda asubuhi na hati zako halisi, ukurasa wa uthibitisho na lile jibu lao la Hatua ya 4 kuhusu barua wanayoipokea. Uandike tarehe, dirisha ulilohudumiwa na ulichoambiwa.